Uzi: Lugha ya Waveneti wa kale tuiite nani kwa Kiswahili, na iwekwe tawi gani?

#1 Mtafsiri_Tanga

Wakuu, salaam. Ninaandika makala ya Kiswahili ya kamusi elezo kuhusu lugha iliyozungumzwa kaskazini-mashariki mwa Italia kabla Kilatini hakijaifunika. Maandishi yake yaliyopatikana hadi sasa ni zaidi ya 300, mengi mafupi mno, ya kati ya karne ya 6 na karne ya 1 KK, na yametoka Este, Padova, Vicenza, Làgole katika milima ya Cadore, na mengine ng'ambo ya mpaka wa leo, huko Austria na Slovenia. Wenyewe waliitwa Veneti na Warumi.

Nimekwama kwenye mambo mawili ambayo makala yoyote ya lugha huyajibu katika mstari wa kwanza, yaani jina na ukoo. Kuhusu jina, nimekuta watu wakiandika Kiveneti, Kivenetiki na Kiveneti cha Kale bila kueleza kwa nini. Kuhusu ukoo, kitabu kimoja kinasema ni lugha ya tawi la Kiitaliki, ndugu wa Kilatini, kingine kinasema ni tawi linalojitegemea ndani ya familia ya Kihindi-Kiulaya.

Naanza kwa kutoa msimamo ili mpate pa kushika. Nadhani ni Kiitaliki. Msumari wa shaba nyeusi uliopatikana Este umeandikwa hivi: *mego donasto śainatei reitiai porai egetora aimoi ke louderobos*. Maana yake, kwa jinsi unavyosomwa na wengi, ni kwamba Egetora amenitoa mimi (msumari ndio unaosema) kwa mungu wa kike Reitia, kwa ajili ya Aimos na watoto. Mtu aliyesoma Kilatini kidogo tu ataona *donavit* ndani ya *donasto* na *liberis* ndani ya *louderobos*. Nani anapinga?

#2 Mwalimu wa Seminari

Sipingi, naongeza. Nilifundisha Kilatini miaka mingi, na ninapoyasoma maandishi haya nasikia jamaa wa karibu. Tazama mambo matatu.

Kwanza, konsonanti zenye mpumuo za lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, *bh* na *dh*, zimekuwa *f* zinapoanza neno. Kwa ndugu, katika hali ya kupokea, wao wanaandika *vhraterei*, nasi wa Kilatini tunasema *fratri*. Kwa kitenzi cha kutengeneza wana *vhagsto*, Kilatini kina *fecit*. Hiyo *vh* ni namna yao ya kuandika sauti ya *f*. Wajerumani wana *b* katika neno la ndugu, Waselti wana *b*, Waslavoni wana *b*. Hii *f* ni alama ya ukoo wa Italia.

Pili, *gh* ya mwanzo imekuwa *h*. Kuna jina la mtu, *Hostihavos*, ambalo sehemu yake ya kwanza ni *hosti-*, sawa na Kilatini *hostis*, wakati Wagothi, watu wa kale wa jamii ya Kijerumani, wanasema *gasts*.

Tatu, hali ya kupokea ya wingi ina *-bos*, nasi tuna *-bus*. Waoski na Waumbria, ambao kila mtu anakubali kuwa ni Waitaliki, wameipoteza hiyo *b* kabisa. Kwa maana hiyo Waveneti wako karibu na Roma kuliko hata hao Waoski waliokuwa majirani wa Roma.

#3 Shomari_Isimu

Heshima kwako Mwalimu, lakini hoja ya tatu haibebi mzigo uliotwishwa. *-bos* ni urithi kutoka lugha mama, na Waselti wa Gaul nao wanayo katika maandishi yao: *matrebo*, kwa akina mama. Kitu ambacho ndugu wawili wamekirithi kwa babu hakithibitishi kwamba hao wawili ni wa mama mmoja kuliko ndugu wengine. Ukoo mdogo unathibitishwa na mabadiliko waliyoyafanya pamoja baada ya kuachana na wengine, na hapo ndipo ninapouliza: kabila hili lilibadilisha nini pamoja na Walatini?

*f* ya mwanzo ni hoja nzuri, nakubali. Lakini katikati ya neno mambo yanageuka. Mzizi wa neno la mtu huru katika lugha mama ulikuwa na *dh*, na Wagiriki wanaitunza katika *eleutheros*. Kilatini kinatoa *b* (*liber*), Kifaliski, jirani na ndugu wa Kilatini, kinatoa *f* (*loifirta*), na hawa wanatoa *d* (*louder-*).

Halafu kuna vitenzi. *Donasto*, *doto*, *vhagsto* vina kiambishi tamati *-to* cha nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopita. Kilatini hakina kitu kama hicho, kinasema *dedit*, *fecit*. Ukitaka ndugu wa *doto* nenda kwa Wagiriki wenye *edoto*. Na *mego* je? Kilatini kinasema *me*, cha kale *med*. Wagothi wanasema *mik*. Maandishi mengine yana *sselboisselboi*, kujirudia kwa neno la nafsi yenyewe, ambako Kijerumani cha Juu cha Kale kina *selb selbo*. Nikiyaweka yote kwenye mizani, naona tawi linalosimama peke yake ambalo liliishi jirani na wengi.

#4 Nahodha Mstaafu

Ndugu zangu, mbona mnahangaika wakati jibu liko kwa Herodoti, mwanahistoria Mgiriki, tangu karne ya 5 KK? Katika kitabu chake cha kwanza, anapoeleza desturi za Babeli za kuoza wasichana, anataja kwamba amesikia Waeneti wa Waillyria nao wana desturi hiyo. Waillyria! Watu wa ng'ambo ya pili ya bahari ya Adria. Lugha yao basi ni Kiillyria, na Kiitaliki ni mazoea ya ujirani tu.

#5 Bi Mwanakheri

Nahodha, hapo umetia nanga mahali ambapo wataalamu waling'oa nanga zamani. Ni kweli kwamba Carl Pauli, aliyekusanya maandishi haya katika kitabu chake cha 1891, aliyaunganisha na Kiillyria kwa kuegemea maneno hayo ya Herodoti, na kwa zaidi ya nusu karne wengi walimfuata. Lakini Hans Krahe, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa kuona Waillyria kila kona ya Ulaya, mwaka 1950 aliitenga lugha hii na Kiillyria na kuitangaza kuwa tawi linalojitegemea. Mwaka mmoja kabla yake, 1949, Madison Beeler wa Marekani alikuwa ameshatetea kwamba ni Kiitaliki. Kwa hiyo Mwalimu na Shomari wanarudia mjadala wa 1949 na 1950, na nawapongeza kwa kuurudia vizuri.

Tena kuna tatizo la ushahidi. Kiillyria chenyewe tunakijua karibu kwa majina ya watu na mahali tu, hatuna hata sentensi moja. Huwezi kuainisha lugha yenye maandishi zaidi ya 300 kwa kuifunga kwenye lugha isiyo na maandishi.

Shahidi wa kale ninayemheshimu zaidi ni Polibio, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 KK, ambaye wakati wake lugha ilikuwa bado inazungumzwa. Anasema Waveneti wanatofautiana kidogo na Waselti kwa desturi na mavazi, lakini wanatumia lugha nyingine. Yeye alitofautisha vazi na ulimi, jambo ambalo Herodoti, aliyesikia kwa masikio ya mbali, hakulifanya.

#6 Nahodha Mstaafu

Nimekuelewa Bibie. Ila kusema hatuna sentensi hakufuti kwamba majina ya watu ya Liburnia, pwani ya Kroatia ya leo, yanafanana na ya kwao. Majina yenye *Volt-* yako pande zote mbili za bahari. Hilo nalo lataka maelezo.

#7 Mkaazi wa Veneto

Habari za jioni. Ninaishi Padova na nimekwenda mara kadhaa katika jumba la makumbusho la Este, lililomo ndani ya kuta za ngome ya zamani. Mnajadili sauti, nami naomba nieleze jinsi sauti hizo zilivyoandikwa, kwa sababu nusu ya ugomvi wenu unapita hapo.

Waliazima herufi kutoka kwa Waetruski. Sasa Kietruski hakikuwa na sauti za *b*, *d* na *g*, kwa hiyo herufi zake hazikuwa na kazi hizo. Waveneti walilazimika kuchukua herufi zisizo na kazi kwao na kuzipa kazi mpya: herufi ya *ph* ikawa *b*, herufi ya *kh* ikawa *g*, na Este herufi ya *z* ikawa *d*. Ndiyo maana anayesoma herufi moja moja bila kujua atasoma *mekho zonasto* mahali ambapo sisi tunaandika *mego donasto*. Hiyo *vh* ya Mwalimu nayo ni herufi mbili za Kietruski kwa sauti moja ya *f*.

Kinachonivuta zaidi ni bamba za shaba nyeusi kutoka patakatifu pa Reitia huko Baratella, Este. Zinaitwa bamba za alfabeti. Simama karibu na kioo utaona mistari iliyochorwa kama daftari la shule, na katika mistari minne herufi *a*, *k*, *e*, *o* zimerudiwa upande mmoja hadi mwingine, kila herufi na mstari wake, na sehemu nyingine mazoezi ya vikundi vya konsonanti. Pamoja na bamba hizo walitoa kalamu za shaba nyeusi, yaani vile vijiti vya kuchorea juu ya nta. Mungu wao alipewa vifaa vya kuandikia kama sadaka. Wengi wanaona kwamba patakatifu palikuwa pia mahali pa kufundishia kuandika.

Na mfumo wao wa nukta ni wa ajabu. Silabi ya kawaida, konsonanti moja na irabu yake, haikuwekewa alama. Herufi yoyote iliyoanguka nje ya mpangilio huo, kama konsonanti inayofunga silabi au irabu inayoanza neno, iliwekewa nukta huku na huku. Katika *donasto* ile *s* ina nukta mbili ubavuni, kwa kuwa inafunga silabi *nas*. Desturi hiyo nayo waliipata kwa Waetruski, lakini wao waliishika hadi mwisho.

#8 Mtafsiri_Tanga

Ahsante sana Mkaazi, hili la nukta litaingia kwenye makala. Swali: kama herufi zilikuwa za kuazima na kazi zake zilipangwa upya, tunajuaje kwamba *z* yao ilikuwa *d* kweli, si *ts* au *dh*?

#9 Mkaazi wa Veneto

Kwa njia mbili. Ya kwanza, Padova na Este hazikutumia herufi ileile kwa sauti hiyo, hivyo jina au neno moja likitokea katika miji yote miwili unaweza kulinganisha. Ya pili, mwishoni waliandika lugha yao kwa herufi za Kilatini, na humo *d* imeandikwa waziwazi.

#10 Kijana wa Morogoro

Naomba kuuliza kama mgeni katika jambo hili. Je, haiwezekani kwamba ufanano wote na Kilatini umetokana na kutawaliwa? Roma ilianzisha koloni la Aquileia mwaka 181 KK karibu nao kabisa, na kufikia 49 KK watu wa kaskazini mwa mto Po walipewa uraia. Watu waliotawaliwa huazima maneno.

#11 Mwalimu wa Seminari

Swali zuri kijana, na lina jibu. Kuna kikombe cha shaba nyeusi kutoka Lozzo Atestino ambacho ni miongoni mwa maandishi yao ya kale kabisa, na juu yake limo neno *donasan*, wingi wa *donasto*: wametoa. Wakati kikombe hicho kinachongwa maandishi, Roma ilikuwa mji mdogo kando ya Tiber, na baina yake na Este walikaa Waetruski. Isitoshe, mtu anayeazima *liber* ya Kilatini ataazima na *b* yake. Hawezi kuazima *b* akatoka na *d*. *Louder-* imekua nyumbani kwao.

Kwako Shomari. Umesema *d* ya katikati inawatenga na Kilatini. Mimi naona kinyume. *b* ya *liber* ni matokeo ya jirani zake ndani ya neno. Kanuni ya kawaida ya Kilatini kwa *dh* ya katikati ni *d*: *medius*, ambapo Waoski wana *mefiú*. Kwa hiyo *f* mwanzoni na *d* katikati ndiyo hasa kanuni ya Kilatini, na Waveneti wanayo.

#12 Shomari_Isimu

Kanuni inafanana, ndiyo, lakini njia ya kuifikia je? Kilatini kinadhaniwa kilipitia hatua ambayo sauti hizi zilikuwa za kukwaruza kila mahali, ndipo za katikati zikapata ghuna na kuwa *b* na *d*. Kwa Waveneti hakuna kinacholazimisha hatua hiyo. Yawezekana *dh* ya katikati ilipoteza mpumuo moja kwa moja, kama ilivyokuwa kwa Waselti na wengine wengi, na ya mwanzo tu ndiyo iliyokuwa *f*. Mwisho wa safari ni mmoja, barabara mbili. Maandishi hayatuonyeshi barabara.

Michel Lejeune, aliyeandika kitabu kikubwa cha lugha hii mwaka 1974, alikuwa mwangalifu sana hapa: aliona uhusiano wa karibu na Kiitaliki bila kuimeza lugha nzima ndani yake. Napenda uangalifu huo.

#13 Mgazija Mtulivu

Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi. Mimi ni mtu wa Ngazija, na swali lenu linafanana na letu. Wako waliosema Kikomori ni lahaja ya Kiswahili kwa sababu ya maneno mengi yanayofanana. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walipolichambua kundi la Sabaki, lugha za Kibantu za Afrika Mashariki, hawakuhesabu maneno yanayofanana, walitafuta mabadiliko ya sauti na ya sarufi waliyoshirikiana wanakundi, na kwa njia hiyo Kikomori, Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kiilwana vikasimama bega kwa bega kama ndugu watano, hakuna kilicho lahaja ya mwenziwe. Lakini wao walikuwa na wazee wa kuwauliza. Ninyi mna misumari na vikombe. Kwa maandishi ambayo mengi ni *fulani amenitoa kwa Reitia*, mnapata wapi mabadiliko ya kutosha ya kulinganisha? Vitenzi mlivyotaja hapa havizidi vitano.

#14 Bi Mwanakheri

Hili ndilo jambo ambalo lingepaswa kusemwa mapema. Tuna majina mengi ya watu, sarufi kidogo. Kuna bamba moja refu la shaba nyeusi kutoka Este ambalo limeongeza maneno mengi kwa mpigo, lakini maana ya sehemu yake kubwa bado inabishaniwa. Hatujui mbinu yao ya wakati ujao, hatujui kauli za masharti, na viwakilishi vyenyewe ni vichache.

Hata hivyo kila kipande kina uzito. Nimalizie orodha ya Shomari kwa haki: kule Làgole kuna kitenzi *toler* katika maandishi ya sadaka, na hiyo *-r* ya mwisho iko pia katika Kilatini (*fertur*) na katika lugha za Kiselti. Miaka ya zamani ungeitumia kuwaunganisha Waitaliki na Waselti na Waveneti. Baadaye Kihiti na Kitokari, lugha za kale za Anatolia na Asia ya Kati, zikaonyesha *-r* hiyo hiyo, na ikawa masalia ya kale. Hoja iliyokuwa jiwe la msingi ikageuka changarawe.

#15 Mwalimu wa Seminari

Basi nitoe moja isiyo ya masalia. Kitenzi *vhagsto* kimejengwa juu ya mzizi wa kuweka ulioongezewa *k*. Wagiriki wanayo *k* hiyo katika umbo moja tu la wakati uliopita, *etheke*. Kuugeuza mzizi wenye *k* kuwa kitenzi cha kawaida cha kutengeneza, *facere*, ni kazi ya Italia. Na Waveneti wamo katika kazi hiyo. Hili ni badiliko, Shomari, si urithi.

#16 Shomari_Isimu

Hili nalikubali kuwa ndilo bora zaidi ulilotoa, Mwalimu. Linanisogeza hatua moja kuelekea kwako. Hatua moja tu, kwa kuwa majirani huambukizana hata namna ya kuunda vitenzi.

#17 Nahodha Mstaafu

Mmenizuia kwa Waillyria, nakubali kuteremsha tanga. Sasa nifahamisheni hili: kuna Waveneti wa Armorika, pwani ya Gaul, waliopigana na Julius Caesar baharini mwaka 56 KK. Kuna Waeneti wa Paflagonia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, katika Iliadi, nchi ya nyumbu mwitu. Kuna Waveneti wa mto Vistula, Poland ya leo, waliotajwa na waandishi wa Kirumi, na Wajerumani waliwaita Waslavoni jina linalofanana na hilo. Livio, ambaye ni mzaliwa wa Padova, anaanza historia yake kwa kusema Waeneti walitoka Paflagonia wakiongozwa na Antenor wa Troya. Strabo anadhani walitoka kwa wale wa Armorika. Jina moja, watu wanne. Na kuna waandishi wa Slovenia katika miaka ya 1980 waliosoma maandishi ya Este kwa Kislovenia. Hao wote mnawatupa?

#18 Bi Mwanakheri

Hao wa miaka ya 1980, ndiyo, nawatupa bila kusitasita, na wanaisimu wa Slovenia wenyewe waliwakataa. Walikata maneno mahali walipotaka, wakapuuza zile nukta ambazo Mkaazi ametueleza katika bandiko la 7, na wakatafsiri sentensi za sadaka kuwa mambo mengine kabisa. Nukta hizo zinakuambia silabi inafungwa wapi. Anayezipuuza anaandika shairi lake mwenyewe.

Kwa waliobaki, kufanana kwa jina hakufanyi lugha iwe moja. Maelezo yanayopendwa ni kwamba jina limetokana na mzizi wa kupenda, ule ule wa Kilatini *Venus*, kwa maana ya wapendwa au wenzetu. Kabila lolote la Kihindi-Kiulaya lingeweza kujiita hivyo bila kuwajua wengine. Livio alikuwa anautukuza mji wake kwa kuupa asili ya Troya, sawa na Warumi walivyojipa Enea.

#19 Nahodha Mstaafu

Makabila manne kujiita jina moja kwa bahati, mimi bado linanikaba.

#20 Mtafsiri_Tanga

Turudi kwenye jina la Kiswahili, maana makala haiwezi kuanza bila jina. Nilikuwa naelekea Kiveneti cha Kale.

#21 Mkaazi wa Veneto

Hapana, tafadhali. Hapa ninapoishi watu wanazungumza Kiveneto, lugha iliyotokana na Kilatini kama Kiitaliano chenyewe, na wahamiaji waliipeleka hadi Rio Grande do Sul kusini mwa Brazili, ambako inaitwa Talian. Ukiandika Kiveneti cha Kale msomaji ataamini kwamba Kiveneto cha leo kimetokana nacho, kama Kiingereza cha leo kilivyotokana na Kiingereza cha Kale. Si hivyo. Lugha ya Reitia ilikufa na mahali pake pakakaliwa na Kilatini. Waitalia wenyewe wanatenganisha: *venetico* ni ya kale, *veneto* ni ya leo. Hata misimbo ya kimataifa ya lugha imezitenga, *xve* kwa ya kale na *vec* kwa ya leo.

#22 Mwalimu wa Seminari

Basi Kivenetiki, kwa kufuata Waitalia.

#23 Shomari_Isimu

Kivenetiki kina kasoro ya kuwa na alama ya lugha mara mbili, *ki-* mbele na *-iki* nyuma. Kiswahili huchukua jina la watu na kulitia *ki-*: Waetruski, Kietruski, Waumbria, Kiumbria. Watu ni Waveneti, lugha ni Kiveneti. Ya leo ibaki Kiveneto, kwa mkoa wa Veneto.

#24 Mgazija Mtulivu

Irabu moja ya mwisho kubeba tofauti ya miaka elfu mbili ni hatari. Mpiga chapa akikosea herufi moja, lugha imefufuka. Na mbona tayari tunasema Kiitaliki kwa tawi na Kiitaliano kwa lugha ya leo, na *-iki* hiyo haijamdhuru mtu? Kivenetiki kinasimama pamoja na Kiitaliki vizuri.

#25 Bi Mwanakheri

Kusimama pamoja na Kiitaliki ndiko ninakokuogopa. Ukilivalisha jina sare ya tawi, umeshajibu swali la pili kwa mlango wa nyuma. Jina lisitangulie hukumu. Mimi naandika *Kiveneti*, na mara ya kwanza naongeza maneno machache: lugha ya Waveneti wa kale wa Adria.

#26 Kijana wa Morogoro

Je, kuna lugha nyingine iliyokwama hivi, nusu ndani nusu nje? Ingesaidia kuona wengine walivyoiita.

#27 Shomari_Isimu

Ipo, Kilusitania cha Ureno na magharibi mwa Hispania. Katika mwamba wa Cabeço das Fráguas kuna orodha ya wanyama wa sadaka kwa miungu: *oilam* kondoo, *porcom* nguruwe, *taurom* fahali. Warumi nao walikuwa na sadaka ya nguruwe, kondoo na fahali kwa pamoja. Waselti wa kawaida wanapoteza *p* ya lugha mama, hawa wameitunza katika *porcom*, kwa hiyo wengi hawakubali kuiita Kiselti, na wako wanaoisogeza upande wa Kiitaliki. Huko wameiita kwa jina la watu tu, Kilusitania, na ubishi wa tawi wakauacha ndani ya makala.

#28 Mwalimu wa Seminari

Linganisha lakini usichanganye. Kilusitania kina maandishi machache ya kuhesabika kwa vidole, tena kwa herufi za Kilatini, wakati wa Roma. Waveneti walikuwa na shule, alfabeti na karne tano za kuandika.

#29 Mkaazi wa Veneto

Kuna kitu kimoja hakijatajwa, nacho kinahusu jina zaidi ya vyote. Jiwe la Isola Vicentina lina neno *venetkens*, na watafiti wengi wanalisoma kuwa ndani yake limo jina la watu wenyewe. Kama usomaji huo ni sahihi, hatutegemei tena Warumi na Wagiriki peke yao: mchongaji wa huko huko ameliandika kwa herufi zake. Na tazama alivyolijenga. Baada ya *venet-* kuna *k*, ambayo wengi wanaiona kuwa kiambishi cha kuunda sifa, kama *-iko-* ya majina yao mengine ya ukoo.

#30 Mgazija Mtulivu

Basi *-iki* yangu ina babu kule kule Vicenza, Shomari.

#31 Shomari_Isimu

Ina babu kama *k* hiyo ni kiambishi, na kama irabu iliyokuwa mbele yake imedondoka. Mkaazi, ukifika Vicenza tutazamie jiwe lenyewe: je, lile *t* kabla ya *k* lina nukta ubavuni au halina? Likiwa nazo, mchongaji alihesabu kwamba linafunga silabi, na hapakuwa tena na irabu katikati alipokuwa akichonga.

#32 Mkaazi wa Veneto

Nitakwenda Jumamosi. Nitaleta picha ya mstari huo kutoka pande zote mbili za mwanga, kwa kuwa kwenye jiwe nukta na mkwaruzo huonekana kitu kimoja mwanga ukitoka mbele.